Mpaka wa jimbo, bunduki ya binamu na amana ya mwenye duka



Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya sala alinijia mzee tuliyesoma naye chuo kimoja cha Qur'ani utotoni. Aliniketisha kwenye baraza ya msikiti, akatoa simu yake na kuniomba nimsomee ujumbe aliopelekewa na mwanawe, kwani macho yake, alisema, siku hizi yanachagua cha kusoma. Kijana huyo anaishi Columbus, jimbo la Ohio, huko Marekani, na anayo kadi ya ukaazi wa kudumu, ile ambayo wenyewe huiita kadi ya kijani. Aliwahi kununua bunduki ya kuwindia kulungu, akainunua dukani kwa taratibu zote. Sasa amejaaliwa mtoto, mkewe hataki kuiona bunduki ndani ya nyumba, naye ameafikiana na binamu yake aliyeko Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, kwamba amuuzie. Ni mwendo wa takriban saa tatu kwa gari. Bei ilikwisha kukatwa. Lililobaki ni kuitia bunduki katika buti la gari siku ya Jumamosi na kwenda kuikabidhi.

Mzee alikuwa na swali moja tu. "Sheikh, kuuza bunduki ni halali?"

Nilimweleza yale ambayo kila mwanafunzi wa fiqhi huyapitia katika mlango wa biashara: kwamba asili ya kuuza na kununua ni uhalali, na kwamba tangu zama za maswahaba biashara ya silaha wakati wa fitna ilichukiwa, jina la Imran bin Husayn (R.A.) hutajwa hapo. Lakini nikamwambia kwamba suala la mwanawe lilikuwa bado halijafika huko. Lilianza na jambo jingine: bunduki hiyo itavuka mpaka ikiwa mkononi mwa nani?

"Si mkononi mwake mwenyewe?" akajibu. "Anampelekea mtoto wa dada yangu. Damu moja hiyo, Sheikh."

Si kwamba mimi ni mjuzi wa sheria za Marekani. Ila miaka kadhaa nyuma niliulizwa swali la mirathi kutoka huko, nitakalolieleza mbele, lililonilazimisha nizisome sheria hizo na kumsumbua ndugu yetu mmoja mwanasheria aliyeko kule. Na kwa kuwa leo familia zetu nyingi zina watoto Columbus, Minneapolis, Houston na kwingineko, nimeona yale niliyomwambia mzee niyaandike hapa kwa urefu kuliko nilivyoweza kuyasema barazani.

Msomaji wa hapa kwetu, aliyezoea kwamba silaha haimilikiwi bila ya leseni inayopitia polisi, huisikia Marekani ikitajwa kuwa nchi yenye bunduki nyingi kuliko watu. Ni kweli, mwaka 2018 taasisi ya Small Arms Survey ilikadiria kwamba silaha zilizo mikononi mwa raia wa nchi hiyo ni takriban milioni 393. Kwa hiyo hudhani kwamba huko bunduki ni bidhaa kama redio: ukiichoka, unamuuzia nduguyo. Ndani ya jimbo moja dhana hiyo haiko mbali sana na ukweli. Sheria ya shirikisho haimlazimishi mtu binafsi anayemuuzia mkaazi mwenzake wa jimbo hilohilo kupitia dukani, ingawa yapo majimbo, kama California, Colorado na New York, yaliyojiwekea sharti hilo yenyewe.

Mambo hubadilika pale mnunuzi anapokuwa mkaazi wa jimbo jingine. Mtu anayeendesha gari kutoka Ohio kuingia Pennsylvania hakuti kizuizi, askari wala afisa wa forodha. Hukuta kibao cha kumkaribisha. Lakini kwa bunduki inayobadili mwenyewe, kibao kile ni ukuta. Mtu asiye na leseni ya biashara ya silaha haruhusiwi kumuuzia, kumzawadia wala kumkabidhi silaha mtu mwingine asiye na leseni anayeishi jimbo jingine. Naye mpokeaji haruhusiwi kuingiza katika jimbo lake silaha aliyoipata nje kwa njia hiyo. Anayefanya hivyo kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 5, na sheria haikuweka neno lolote la kumvua lawama eti kwa kuwa mpokeaji ni binamu, shemeji au rafiki wa msikitini. Imeruhusu kuazimana kwa muda kwa ajili ya mawindo au mchezo halali wa kulenga shabaha, na imeruhusu urithi. Nje ya hayo, silaha sharti ipitie kwa mfanyabiashara mwenye leseni, kwa kawaida katika jimbo la mpokeaji.

Kwa nini wakaweka ukuta mahali ambapo hata kizuizi cha barabarani hapana? Jibu lake lina historia, na historia yenyewe inaanzia kwenye kipande cha karatasi kilichokatwa jaridani.

Hapo zamani silaha zilisafiri kwa posta kama viatu. Mwaka 1927 Bunge la Marekani lilikataza posta kubeba silaha zinazoweza kufichwa mwilini, yaani bastola, lakini kampuni binafsi za mizigo ziliendelea kuzibeba. Mwaka 1938 wauzaji walitakiwa wawe na leseni, ambayo ada yake kwa muuzaji wa kawaida ilikuwa dola 1 kwa mwaka. Bunduki ndefu hazikuguswa. Mtu alikata kijikaratasi cha tangazo, akajaza jina na anwani, akatia pamoja na malipo ndani ya bahasha, kisha akangoja mzigo wake.

Machi 1963 mtu mmoja wa Dallas, Texas, aliyejiandika A. Hidell, alifanya hivyohivyo. Aliagiza bunduki ya kijeshi ya Kitaliani, katika zile zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, ikiwa na darubini yake, kutoka duka la Chicago lililotangaza katika jarida la wapenda bunduki. Bei ilikuwa dola 19.95, na gharama ya kuituma dola 1.50. Alilipa kwa hawala ya posta, na mzigo ukaletwa kwenye sanduku la posta alilolikodi. Muuzaji hakuuona uso wa mnunuzi, wala hakuwa na wajibu wa kuuona. Hidell alikuwa jina la kubuni. Mwenyewe alikuwa Lee Harvey Oswald, na tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Earl Warren ilihitimisha kwamba kwa bunduki hiyohiyo alimuua Rais John F. Kennedy tarehe 22 Novemba mwaka ule.

Seneta Thomas Dodd wa Connecticut alikwisha kuanza kuichunguza biashara hii ya posta hata kabla ya msiba huo. Alihangaika na miswada yake mwaka hadi mwaka bila ya mafanikio. Haukupatikana utashi wa kutosha mpaka mwaka 1968, baada ya Martin Luther King kuuawa Memphis mwezi Aprili, na Robert Kennedy, mdogo wa yule Rais, kupigwa risasi Los Angeles mwezi Juni. Rais Lyndon Johnson aliitia saini Sheria ya Udhibiti wa Silaha tarehe 22 Oktoba 1968, na wala hakuificha huzuni yake. Alitaka kila silaha iandikishwe na kila mwenye silaha awe na leseni, Bunge likamnyima yote mawili. Alichopata ni kwamba silaha isivuke kutoka jimbo moja hadi mnunuzi wa jimbo jingine ila kwa kupitia mlango mmoja, nao ni kaunta ya duka lenye leseni, ambako mnunuzi hufika kwa miguu yake na kuonekana uso.

Mlango huo unafanyaje kazi? Tuchukue mfano wa yule kijana wa Columbus. Hakatazwi kumuuzia mtu wa Pennsylvania. Anachokatazwa ni kumkabidhi yeye mwenyewe. Anachotakiwa ni kupatana na mwenye duka la silaha wa Pittsburgh kwamba atampokelea mzigo. Kisha ama auingize mzigo huo mwenyewe katika mikono ya msafirishaji ukielekezwa kwa duka hilo, ama aupeleke kwa mwenye duka wa Columbus, naye autume kwa mwenzake wa upande wa pili. Njia hii ya duka kwa duka ndiyo wengi huifuata, kwa sababu kampuni kubwa za usafirishaji zimejiwekea masharti makali kuliko sheria yenyewe, na baadhi ya wenye maduka hawapendi kupokea mzigo kutoka kwa mtu wasiyemjua. Kabla ya kutuma, duka la kwanza hupewa nakala ya leseni ya duka la pili, ili lijue kwamba anayepokea ni mfanyabiashara kweli na si mtu mwenye chumba na jina la kuvutia. Na katika jambo lililonifurahisha kwa busara yake, msafirishaji amekatazwa kumtaka mtumaji abandike nje ya kifurushi alama ya kuonyesha kwamba ndani mna silaha. Mwizi asirahisishiwe kazi.

Kifurushi kikifika, mwenye duka wa Pittsburgh hukiandika katika daftari lake la mapokezi: mtengenezaji, aina, kipimo cha risasi, namba iliyochongwa kwenye chuma, tarehe, na jina la aliyeileta. Ndipo mnunuzi huitwa. Huja na kitambulisho chenye picha na anwani, akajaza Fomu 4473. Fomu hiyo humuuliza kama yeye ndiye mpokeaji wa kweli wa silaha hiyo, kama amewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, kama yuko chini ya amri ya mahakama kwa kumtishia mkewe au mtoto, kama ni mtumiaji wa dawa za kulevya, kama ni raia, na ikiwa si raia, aliingia nchini kwa hadhi gani. Hutia saini kwamba yote ni kweli. Mwenye duka huwasiliana na mfumo wa ukaguzi ulioanza kazi Novemba 1998 chini ya Shirika la Upelelezi la FBI, na katika baadhi ya majimbo, Pennsylvania ikiwamo, huwasiliana kwanza na polisi wa jimbo. Majibu aghalabu huja kwa dakika. Mwenye duka hutoza ada yake, mara nyingi dola makumi kadhaa, na bunduki hukabidhiwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni wapi fomu hiyo huenda baada ya hapo. Haiendi popote. Hubaki dukani. Mwaka 1986 Bunge lilipiga marufuku serikali ya shirikisho kutengeneza daftari kuu la wenye silaha, kwa hofu ya raia kwamba daftari la leo ni msako wa kesho. Basi bunduki ikiokotwa penye maiti, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, ATF, humuuliza mtengenezaji alimuuzia nani, mtengenezaji humtaja mwenye ghala, mwenye ghala humtaja mwenye duka, na mwenye duka hufungua kabati. Duka likifungwa, makaratasi hupelekwa Martinsburg, jimbo la West Virginia, ambako yamekusanywa kwa mamilioni, na hata yanapopigwa picha hayaruhusiwi kutafutwa kwa jina la mtu. Tangu mwaka 2022 fomu hizo zinatakiwa zitunzwe kwa muda wote duka linapoishi; kabla ya hapo zile zilizozidi miaka 20 zingeweza kuteketezwa.

Nilipolisoma hilo nilikumbuka kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Watu wa madrasa hulitaja jambo hilo kama ajabu, kwamba mambo ya akhera yamepewa aya fupi na karatasi ya deni ikapewa ukurasa mzima. Mimi silioni kuwa ajabu. Haki ya mtu aliyekufa Baltimore leo inaweza kuning'inia kwenye mwandiko wa karani wa duka la Georgia miaka 12 iliyopita.

Na kwa hiyo kila kitu kinarudi kwenye amana ya mtu mmoja nyuma ya kaunta. Wengi wao ni waaminifu. Mwaka 2000 ATF ilitoa takwimu kwamba wauzaji asilimia 1.2 tu ndio walioguswa na zaidi ya asilimia 57 ya silaha zilizofuatiliwa nyuma hadi kwa muuzaji mwaka 1998. Si kila mmoja katika hao ni mhalifu, maana duka kubwa lililo karibu na mji wenye vurugu litatajwa mara nyingi hata likiwa safi. Hata hivyo hesabu hiyo yaonyesha jinsi uzembe wa wachache unavyotosha.

Mfano wa uzembe huo Waislamu wanaukumbuka kwa uchungu wa ziada. Oktoba 2002 watu 10 waliuawa mmoja mmoja katika mji wa Washington na vitongoji vyake, wakiwa wanatia mafuta au wanakata majani. Wauaji walikuwa John Allen Muhammad, ambaye jina hilo alilichukua baada ya kusilimu, na kijana wa miaka 17, Lee Boyd Malvo. Kwa siku nyingi baada ya kukamatwa kwao, Waislamu wa Marekani walilazimika kulijibia jina lile. Swali lililohitaji jibu lilikuwa jingine. Muhammad alikuwa chini ya amri ya mahakama iliyomzuia kumiliki silaha, na Malvo hakuwa na umri wa kununua. Bunduki yao ilitoka duka moja la Tacoma, jimbo la Washington, upande wa pili kabisa wa nchi. Malvo alisema aliiiba dukani. Mwenye duka hakuripoti kwamba imepotea mpaka wapelelezi walipokuja na namba yake mkononi, na walipokagua madaftari, silaha zaidi ya 200 hazikuweza kuelezewa zilikokwenda. Mwaka 2004 duka hilo na mtengenezaji wa bunduki walikubali kuzilipa familia za wahanga takriban dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga watengenezaji na wauzaji dhidi ya sehemu kubwa ya madai ya namna hiyo.

Mlango una udhaifu mwingine pia. Ukaguzi ukichelewa kuleta jibu kwa siku 3 za kazi, sheria inamruhusu mwenye duka kuikabidhi silaha. Kwa mwanya huo kijana aliyestahili kukataliwa alipata bastola mwaka 2015, na tarehe 17 Juni akaua watu 9 waliokuwa katika darasa la dini ndani ya kanisa la Emanuel, mjini Charleston. Mkurugenzi wa FBI wa wakati huo, James Comey, alikiri hadharani kwamba silaha ile haikupaswa kutoka dukani. Mwaka 2022 muda huo uliongezwa, kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21 peke yao, na uweze kufika siku 10 za kazi.

Lakini udhaifu ulio mkubwa kuliko yote, na unaoingia katika familia, ni kuazimana majina. Asiyeruhusiwa, au asiyetaka kujulikana, humtuma anayeruhusiwa: mchumba, mpwa, rafiki aliye safi. Huyu hujaza fomu, hutia saini kwamba yeye ndiye mpokeaji wa kweli, kisha hutoka nje na kumpa mwenyewe. Barabara kuu nambari 95, inayotoka Florida kupitia Georgia, Carolina mbili na Virginia hadi New York, imepewa na polisi jina la bomba la chuma kwa sababu hiyo. Ripoti ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba karibu robo tatu ya silaha zilizokamatwa katika uhalifu jimboni humo kati ya mwaka 2010 na 2015 zilitoka majimbo mengine.

Tusidhani kwamba wanaoazima majina ni majambazi tu. Ipo kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani ambayo nilimsimulia mzee, naye akashika kichwa. Mtu mmoja wa Virginia, aliyewahi kuwa polisi, alimnunulia mjomba wake bastola mwaka 2009. (Kiingereza hakitofautishi ami na mjomba; nasema mjomba kwa kukisia.) Mjomba aliishi Pennsylvania, naye hakuwa na zuio lolote la kumiliki silaha. Nia ilikuwa njema: mpwa aliamini kwamba kwa kitambulisho chake cha polisi angepata punguzo la bei. Mjomba akamtumia hundi ya dola 400 na kuandika juu yake kwamba ni ya bastola. Mpwa akaenda dukani Virginia, akajaza fomu, na mahali palipouliza kama yeye ndiye mnunuzi hasa, akajibu ndiyo. Kisha, kwa kuwa alizijua taratibu, hakuikabidhi kiholela. Aliipeleka kwa mwenye duka wa Pennsylvania, mjomba akakaguliwa, akapita, akapewa.

Kila mlango waliupitia, isipokuwa palipokuwa na neno moja la uongo. Risiti ilikuja kuonekana nyumbani kwa mpwa wakati wa upekuzi wa jambo jingine kabisa. Tarehe 16 Juni 2014 Mahakama ya Juu iliamua, majaji 5 dhidi ya 4, kwamba amevunja sheria. Jaji Elena Kagan aliandika kwamba sheria humtazama mtu ambaye silaha inakwenda kwake kwa hakika, si yule aliyetangulizwa kaunta. Kinyume cha hivyo kitambulisho, fomu na ukaguzi vyote vingekuwa mchezo. Jaji Antonin Scalia aliwaandikia waliopinga, akasema uongo ule haukuwa na uzito kwa kuwa mjomba naye alistahili kununua. Mimi, kama mtu aliyekulia kwenye vitabu vya ushahidi na viapo, nilijikuta naielewa hoja ya Scalia na bado moyo wangu uko na Kagan. Mpwa alihukumiwa miaka 5 chini ya uangalizi wa mahakama. Tangu mwaka 2022 kuna sheria mahususi juu ya kumnunulia silaha kwa kujificha mtu ambaye amezuiwa kisheria au anayekusudia uhalifu, na adhabu yake inaweza kufika miaka 15 au zaidi. Kwa waliozaliwa huku, kuna la ziada: asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini, hata kama ana kadi ya kijani, mke na watoto.

Nimeahidi kulitaja lile swali la mirathi. Marehemu mmoja alifariki Minnesota akaacha gari, vyombo vya nyumbani, akiba kidogo na bastola. Warithi wake walikuwa wajane na watoto katika majimbo mawili. Mtoto wa kiume aliyekuwa Texas ndiye aliyeitaka bastola, tena kwa sababu baba yake aliwahi kumwahidi mara kadhaa kwamba atampa. Kumbe baba angempa akiwa hai, kwa mkono wake, wote wawili wangekuwa wamevunja sheria, kwani zawadi haikusamehewa. Kwa wasia au kwa mirathi, sheria ileile inaruhusu silaha imfikie mrithi wa jimbo jingine, maadamu yeye mwenyewe hajazuiwa kumiliki na jimbo lake halikatazi. Hiba, wasia na mirathi ni milango mitatu mbalimbali katika vitabu vyetu, na nilishangaa kuikuta tofauti hiyo, kwa makusudio mengine kabisa, katika sheria ya bunduki ya Marekani. Tuliithamini bastola kwa bei ya soko, tukaitia katika fungu la yule kijana, akapunguziwa kwenye akiba. Dada zake waliridhika.

Basi pale barazani, nilipokwisha kumweleza mzee njia ya duka kwa duka, alifurahi. Aliona jambo limepata ufumbuzi: kijana alipe ada, bunduki iende kwa utaratibu. Nikamuuliza kitu kimoja zaidi.

"Huyu mpwa wako aliingiaje Marekani?"

"Kwa viza ya masomo," akasema kwa fahari. "Anamalizia shahada ya uzamili."

"Ana leseni ya uwindaji ya huko?"

"Awinde nini, Sheikh? Yule kuku tu anaogopa kumchinja."

Nikamweleza kwamba mtu aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, amezuiwa na sheria ya shirikisho kumiliki silaha au risasi, isipokuwa kwa vizuizi vichache vilivyoondolewa, mojawapo akiwa na leseni halali ya uwindaji. Pale kaunta ya Pittsburgh fomu ingemuuliza, naye angekuwa na hiari mbili, kusema kweli akarudi mikono mitupu, au kusema uongo akapoteza shahada na viza kwa pamoja. Na lile buti la gari la Jumamosi lingewaangamiza wote wawili, mmoja kwa kukabidhi na mwingine kwa kupokea.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akampigia mwanawe. Columbus ndiyo kwanza kulikuwa kunakucha. Nilisikia sauti ya mtoto mchanga ikilia upande wa pili, na ya kijana ikisema, "Baba, mbona yeye mwenyewe hakuniambia?" Juma lililofuata niliambiwa kwamba bunduki imeuzwa kwa mwenye duka wa palepale Columbus, kwa bei pungufu kuliko ile waliyopatana na binamu, na ameiandika katika daftari lake.